Jinsi ya Kuomba na Kutumia Global Entry: Mwongozo kwa Waafrika Mashariki Waishio Marekani

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York, ambayo Kenya Airways iliianzisha mwezi Oktoba 2018, hukaa angani kwa takriban saa 15. Abiria anaposhuka katika uwanja wa JFK, miguu imevimba na macho mekundu, hukutana na foleni ya uhamiaji ambayo siku ikiwa mbaya humla saa nzima au zaidi. Pembeni ya foleni hiyo ipo njia nyingine, fupi, ambamo watu husimama mbele ya kamera, husema maneno mawili matatu na afisa, kisha huenda kuchukua mizigo yao. Hao si mabalozi, na wengi wao hawakukaa daraja la kwanza. Ni watu wa kawaida waliojisajili mapema katika mpango uitwao Global Entry, wakachunguzwa, wakahojiwa mara moja, na sasa serikali ya Marekani inawahesabu kuwa wasafiri wanaoaminika.

Mpango huo unaendeshwa na mamlaka ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama CBP. Ulianza kwa majaribio mwaka 2008 katika viwanja vya JFK, Dulles kilicho karibu na Washington, na George Bush cha Houston, ukafanywa kuwa wa kudumu mwaka 2012. Mantiki yake ni nyepesi: badala ya kumuuliza abiria maswali yaleyale kila anapotua, serikali humchunguza kwa kina mara moja, kisha huendelea kupitia kumbukumbu zake kimyakimya kwa muda wote wa uanachama. Ni vizuri kulielewa jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu wengi hudhani wananunua njia ya mkato, ilhali wanachokifanya ni kuingia mkataba wa kuchunguzwa daima.

Nani anaruhusiwa kuomba

Wanaoruhusiwa ni raia wa Marekani, wakaazi wa kudumu wa Marekani, yaani wenye grini kadi, pamoja na raia wa nchi chache zilizokubaliana na Marekani, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Uswisi, India, Bahrain na Falme za Kiarabu. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki katika orodha hiyo. Kwa hiyo Mtanzania au Mganda mwenye viza ya utalii, ya masomo au ya kazi hawezi kuomba, hata kama ameingia Marekani mara ishirini bila doa. Mkenya mwenye grini kadi, kwa upande wake, anaomba kwa msingi wa ukaazi wake wala haulizwi kama Kenya ina makubaliano. Mzanzibari mwenye uraia wa Uingereza naye anaweza kuomba kwa uraia huo, ila ni lazima kwanza apite uchunguzi wa serikali ya Uingereza. Walioko Kanada, wawe raia au wakaazi wa kudumu, wana mlango wao uitwao NEXUS, ambao huwapa pia manufaa ya Global Entry wanapoingia Marekani.

Mwenye uraia wa nchi mbili, kama inavyoruhusiwa Kenya tangu Katiba ya 2010, anatakiwa kuutaja uraia wote alionao, na asiuache ule ambao hautumii kusafiria.

Je, inafaa kulipia?

Ada ni dola 120 tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Kabla ya hapo ilikuwa dola 100. Uanachama ni wa miaka mitano, na ada hairudishwi hata ombi likikataliwa. Watoto walio chini ya miaka 18 hawatozwi chochote ikiwa mzazi au mlezi wao halali tayari ni mwanachama, au anaomba pamoja nao. Baadhi ya kadi za benki za Marekani humrudishia mteja fedha hizo, kwa hiyo itazame kadi yako kabla ya kulipa. Ndani ya Global Entry umo pia mpango wa TSA PreCheck, unaorahisisha ukaguzi wa usalama kabla ya kupanda ndege ndani ya Marekani na ambao ukiuomba peke yake utalipa karibu dola 80. Kwa mtu anayetoka nje ya nchi mara kwa mara, hesabu hiyo haihitaji mjadala.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayekwenda nyumbani mara moja kila baada ya miaka mitatu hana haja ya kutoa dola 120. Ipo programu ya simu ya bure ya CBP iitwayo Mobile Passport Control, ambayo raia wa Marekani na wenye grini kadi wanaweza kuitumia bila maombi wala mahojiano. Unajaza taarifa za pasipoti ukiwa bado nyumbani, ndege ikitua unajipiga picha na kujibu maswali machache, kisha unafuata foleni iliyotengwa kwa watumiaji wa programu hiyo. Familia nzima inaweza kuwekwa katika simu moja. Si njia ya haraka kama Global Entry, lakini watu wengi hawaijui, na wanaendelea kusimama kwenye foleni ndefu wakiwa na simu mfukoni.

Kujaza fomu bila kujitega

Maombi hufanywa katika tovuti ya serikali ya ttp.dhs.gov, na utaingia kwa kufungua akaunti ya Login.gov. Iandike anwani hiyo mwenyewe badala ya kubonyeza tangazo la kwanza unaloliona mtandaoni, kwa maana wapo wenye tovuti zinazofanana na ya serikali ambao hutoza ada ya ziada kwa kazi ambayo ungeifanya kwa nusu saa. Tovuti rasmi huishia na .gov.

Fomu itakuuliza mahali ulipoishi, kazi ulizofanya na nchi ulizotembelea katika miaka mitano iliyopita. Usiache pengo. Kama hukuwa na kazi kwa miezi minane, andika kwamba hukuwa na kazi. Kama ulirudi Mwanza kumuuguza mzazi kwa nusu mwaka, andika Mwanza. Sanduku la posta si makazi, kwa hiyo taja mtaa, kata na mji, hata kama nyumba yenyewe haina namba. Kuhusu nchi ulizotembelea, ndugu zetu wengi huteleza hapa kwa sababu kwetu kuvuka mpaka si tukio kubwa. Mtu alipanda basi kutoka Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga kwa ajili ya harusi ya siku mbili, au alivuka Rusumo kumsalimia shangazi Kigali, na hakumbuki kuwa hizo ni safari za nchi za nje. Kabla ya kujaza, fungua pasipoti zote ulizotumia katika kipindi hicho, ile ya zamani ikiwemo, usome mihuri ukurasa kwa ukurasa.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee. Wengi wetu tuna majina matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, na kila ofisi huyapanga inavyoona. Chukua mfano wa Asha Juma Salum: katika pasipoti jina la ukoo ni Salum, katika leseni ya udereva Juma limekatwa likabaki herufi moja, na katika tiketi aliyonunuliwa na mjomba wake ameandikwa Asha Salum tu. Fomu ya Global Entry inapaswa kufuata pasipoti au grini kadi herufi kwa herufi, na majina mengine yote aliyowahi kuyatumia, kwa mfano yale ya kabla ya ndoa, ayataje mahali panapouliza hivyo. Kama pasipoti na grini kadi zenyewe hazikubaliani, ni heri kusahihisha mojawapo kwanza kuliko kuanza ombi la miaka mitano juu ya msingi uliopinda.

Swali la makosa ya jinai lijibiwe kwa ukweli mtupu. Kuendesha gari ukiwa umelewa huhesabiwa, kesi ya nchi nyingine huhesabiwa, na kesi iliyofutwa katika kumbukumbu za mahakama usidhani imefutwa pia machoni pa CBP. Kosa la zamani lililoelezwa waziwazi, pamoja na nakala ya hukumu, linaweza kusamehewa. Kosa lilelile likifichwa linageuka kuwa taarifa ya uongo, ambayo peke yake ni sababu tosha ya kunyimwa uanachama. Sababu nyingine za kunyimwa ni mashtaka yanayoendelea, kuwa chini ya uchunguzi, na kuwahi kuvunja sheria za forodha, uhamiaji au kilimo katika nchi yoyote ile.

Mahojiano

Baada ya kulipa utasubiri. Wapo wanaojibiwa ndani ya siku chache na wapo wanaokaa miezi mingi, na kupiga simu hakuharakishi chochote. Jibu zuri huitwa idhini ya masharti, maana yake kumbukumbu zako zimepita na yamebaki mahojiano ya ana kwa ana.

Kuna njia mbili kuu za kuyafanya. Ya kwanza ni kuweka miadi katika kituo cha usajili, ambavyo vingi viko viwanjani, na katika miji mikubwa nafasi huwa zimejaa kwa muda mrefu. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa kila mtu mwenye safari mbele yake, ni kuhojiwa siku unaporudi kutoka nje ya nchi, bila miadi, katika viwanja vinavyotoa huduma hiyo. Ukifika eneo la uhamiaji fuata mabango yaliyoandikwa Enrollment on Arrival, au mwambie afisa kwamba una idhini ya masharti na unataka kukamilisha usajili. Ukiwa na ndege ya kuunganisha, usiiwekee dakika 70. Acha saa tatu au zaidi.

Nyaraka zikae katika mkoba wa mkononi, wala zisiwe ndani ya sanduku lililo tumboni mwa ndege. Beba pasipoti ambayo muda wake haujaisha, grini kadi kwa asiye raia, na uthibitisho wa anwani unayoishi sasa, kama leseni ya udereva. Leseni ikiwa bado inaonyesha nyumba ya zamani, ongeza bili ya umeme au ya maji yenye jina lako. Afisa atakuuliza kwa nini unautaka uanachama, unasafiri wapi na mara ngapi, unafanya kazi gani, na kama umewahi kukamatwa au kukutwa na tatizo la forodha. Majibu yako yalingane na fomu, kwa hiyo ichapishe na uisome ndani ya ndege. Atakupiga picha na kuchukua alama za vidole, na kwa kawaida shughuli yote haizidi dakika 15.

Kadi, namba na tiketi

Ukikubaliwa utatumiwa kadi kwa posta, nayo ni lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya siku 30. Watu hushangaa kuambiwa kwamba kadi hiyo haiwasaidii kupita katika uwanja wa ndege. Kazi yake hasa ni katika mipaka ya nchi kavu na Kanada na Meksiko, ingawa hutambuliwa pia kama kitambulisho katika ukaguzi wa safari za ndani. Haichukui nafasi ya pasipoti, wala mkaazi wa kudumu haondolewi wajibu wa kubeba grini kadi yake.

Kilicho na thamani zaidi ni namba ya tarakimu tisa iliyo nyuma ya kadi na ndani ya akaunti yako. Hiyo ndiyo inayoingizwa katika tiketi, kwenye kisanduku kilichoandikwa Known Traveler Number, ili upate PreCheck. Wakala wa tiketi wa Kariakoo au wa barabara ya Moi hataijaza kama hukumwambia, na pengine hata ukimwambia. Ingia mwenyewe katika tovuti ya shirika la ndege, fungua tiketi yako kwa namba yake, ujaze kisanduku hicho, na uhakikishe jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana na vya uanachama. Pasi ya kupandia ndege ikitoka bila alama ya TSA PRE, hutaruhusiwa kupita njia hiyo hata ukiwa na kadi mkononi. Katika njia hiyo kompyuta na vimiminika hubaki ndani ya mkoba, na mkanda na koti jepesi hubaki mwilini. Viatu havitajwi tena, kwani tangu Julai 2025 abiria wa kawaida nao hawalazimiki kuvivua.

Siku ya kutua

Fuata mabango ya Global Entry, simama mbele ya kamera, na mfumo utailinganisha sura yako na picha zilizomo katika kumbukumbu za serikali. Kisha unapita kwa afisa. Tangu 2023 ipo pia programu ya simu ya Global Entry inayokuwezesha kujipiga picha mara ndege inapotua na kwenda kwa afisa moja kwa moja bila kupitia kamera. Pasipoti ishike mkononi hata kama haitaombwa.

Kila mtu anahitaji uanachama wake, mtoto mchanga akiwemo. Hapa wazazi huchanganyikiwa, kwa sababu katika PreCheck mtoto mdogo hufuatana na mzazi bila usajili, ilhali katika Global Entry mzazi mwenye mtoto asiyesajiliwa atarudi naye kwenye foleni ndefu. Abiria wanaounganisha safari kupitia Abu Dhabi wajue kuwa maafisa wa Marekani huwakagua hukohuko kabla ya kupanda ndege, utaratibu uliopo tangu 2014, na Global Entry hutumika pale. Wakitua Marekani wanatoka kama waliosafiri kutoka jimbo jingine.

Usitarajie kwamba hutasimamishwa kamwe. Afisa anaweza kumpeleka mwanachama kwenye ukaguzi wa pili bila kutoa sababu.

Chakula, fedha na vifurushi vya watu

Ninapoulizwa jinsi watu wetu wanavyoupoteza uanachama, jibu langu liko ndani ya sanduku. Mama hakuruhusu kuondoka mikono mitupu: kuna embe dodo, kuna nyama iliyokaushwa, kuna mbegu za mchicha na dagaa wa jirani. Mwaka 2018 msafiri mmoja aliyetoka Paris alitozwa dola 500 alipofika Marekani kwa sababu ya tofaa moja alilopewa na wahudumu ndani ya ndege na kulihifadhi mkobani bila kulitaja. Kama tofaa la ndege lina bei hiyo, hesabu mwenyewe kilo tano za maembe.

Kanuni ya kujilinda ni kutaja kila kinacholiwa na kila kinachoota. Mwambie afisa, kabla hajauliza, kwamba una chakula. Nyama na matunda mabichi kwa kawaida havipiti. Samaki wakavu, kahawa iliyokaangwa na viungo vilivyokauka mara nyingi hupita. Kitu kilichotajwa kisha kikakataliwa kitachukuliwa na kutupwa, nawe utaendelea na safari bila faini. Kilichofichwa ndicho kinachozaa faini, na baada ya faini hufuata barua ya kufutiwa uanachama.

Kwa fedha, hakuna kikomo cha kiasi unachoweza kubeba, ila kikizidi dola 10,000, zikihesabiwa fedha za sarafu zote, ni lazima kitolewe tamko. Familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kama mkoba mmoja, kwa hiyo kumgawia mke dola 6,000 na wewe kubaki na 6,000 hakukuondolei wajibu huo.

Na kuna ile desturi yetu ya kupelekeana mizigo. Jirani anakuja usiku wa kuamkia safari na bahasha iliyofungwa kwa gundi, “mpe tu mwanangu pale Minneapolis.” Ifungueni pamoja mbele yake, na akikataa, muombe radhi umrudishie. Forodha haina mzigo wa jirani. Kilichomo sandukuni mwako ni chako.

Ukikataliwa, na muda ukikaribia kwisha

Barua ya kukataliwa au kufutiwa uanachama huwekwa katika akaunti yako, ikitaja sababu kwa maneno machache. Haikuzuii kuingia Marekani, bali inakurudisha katika foleni ya kawaida. Ukiamini kuna kosa, labda umechanganywa na mtu mwenye jina kama lako au kesi yako ilifutwa na mahakama, omba kufikiriwa upya kupitia tovuti ileile, ukiambatisha hati zilizothibitishwa na mahakama. Andika kwa ufupi, jibu sababu iliyotajwa, na usimweleze afisa shida zako za maisha.

Kuhuisha uanachama kunaruhusiwa kuanzia mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, na wengine hawaitwi tena kwenye mahojiano. Ukituma ombi kabla ya tarehe hiyo kupita, utaendelea kutumia huduma kwa hadi miezi 24 wakati linashughulikiwa. Ukichelewa hata siku moja, unaanza upya kama mgeni. Pasipoti mpya unaiingiza mwenyewe katika akaunti, ilhali mabadiliko ya jina, au ya uraia kwa aliyekuwa na grini kadi na sasa ameapishwa, humtaka mwanachama afike kituo cha usajili na hati zake. Fanya hivyo kabla ya kukata tiketi, maana kamera ya uwanjani haitajua kuwa Bi. Asha wa pasipoti mpya ya Marekani ndiye yuleyule wa grini kadi ya zamani.